Marehemu Anatukana

Hema la kijani likisimama mtaani kwetu, hakuna anayeuliza kuna nini. Kinachoulizwa ni nani. Jeupe ni la harusi, la kijani ni la msiba. Ndivyo Mama Mahema alivyoipanga biashara yake tangu mwanzo, kwa sababu ukilifunga hema moja leo kwenye vilio na kesho kwenye vigelegele, bibi harusi atakuja kukulaumu kwa nuksi yake yote ya ndoa. Watu wamezoea. Ukiona kijani unaingia ndani, unavua nguo ya kung'aa, unakunja uso, unatoka kwenda kutoa pole. Marehemu utamjua hukohuko.

Mratibu wa Tamasha la Fasihi hakulijua hilo. Alikuwa msichana mwenye kitambulisho kikubwa shingoni, simu mbili mkononi na macho ya mtu asiyelala vizuri. Tamasha lake lilikuwa limeanzia kwenye ukumbi wa maktaba kuu, ambako getini kulisimama mlinzi aliyeambiwa asimpitishe mtu asiye na kadi ya mwaliko. Mlinzi alifanya kazi yake barabara. Ndani wakabaki waandishi wakiwasomea waandishi, kila mmoja akingoja mwenzake amalize ili naye asome. Juu ya vichwa vyao kulikuwa na bango kubwa, FASIHI NI YA WOTE, na siku ya mwisho wafadhili walikuwa wanakuja kuwaona hao wote kwa macho yao.

"Ndiyo maana tunahamia kwenu," alimwambia Mama Mahema. "Kama jamii haiji kwenye fasihi, fasihi itaifuata jamii. Unanielewa, mama?"

"Nakuelewa. Unataka hema na viti."

"Nataka ushirikishwaji."

"Huo sina. Nina hema na viti."

Walikuwa wamesimama kwenye uwanja mtupu ulio ubavuni mwa nyumba ya Mama Mahema. Mbele, upande wa barabarani, ndipo palipokuwa na kibanda cha mumewe, Kinyozi. Huku ubavuni palikuwa na ukuta tu, na dirisha moja la mbao lililofungwa, na nyuma ya dirisha redio iliyokuwa ikiimba kwa sauti ya juu kama vile nyumba nzima ni ya viziwi.

"Jeupe liko harusini," akasema Mama Mahema. "Lililobaki ni la kijani. Na la kijani, mwanangu, ni la msiba."

Mratibu alicheka kwa adabu. "Kijani ni rangi ya uhai, mama. Matumaini. Mazingira. Wafadhili wetu wanaipenda mno."

"Sawa, lakini watu wa hapa—"

"Wewe niletee watu tu. Hata wasipouliza maswali. Wakae."

Mama Mahema alikuwa na neno la pili, akalimeza. Mteja akishaipenda bidhaa, muuzaji wa kumkatisha tamaa ana wazimu. Halafu msimu ulikuwa mbaya. Watu hawakuwa wakioana wala kufa kwa kiwango cha kuridhisha. Akasema sawa, hema litasimama kesho asubuhi.

Nyuma ya dirisha, chini ya kelele za redio, kulikuwa na Bibi.

Bibi ni mama yake Kinyozi. Zamani aliuza nguo za mitumba sokoni, na mdomo wake ulijulikana mpaka kituo cha polisi. Kisha kiharusi kikampiga, kikamchukua mkono na mguu wa kulia na maneno yote. Yote isipokuwa matusi. Sijui ubongo wa mwanadamu umepangwaje, daktari alijaribu kueleza kwa kuchora, lakini hali ndiyo hiyo: "maji" lilikwenda, "asubuhi" lilikwenda, majina ya wanawe yalikwenda, na "mbwa", "fisi", "nyani", "nguruwe" yakabaki yamekaa palepale kama wapangaji wasiolipa kodi. Bibi mwenyewe aliyasikia yakitoka. Alijua siyo aliyoyataka. Lakini hakuwa na mengine.

Mkwewe alijifunza. "Mbwa" likitoka polepole ni kiu. "Fisi" la kuvuta ni njaa. "Nyani" mara mbili, kwa haraka, ni choo, na hapo hakuna kumaliza kuosha sahani kwanza. Kinyozi hakujifunza. Mwanzoni alikuwa akimketisha mama yake mlangoni pa kibanda, apunge upepo, awaone watu. Siku moja bwana mmoja wa ofisini, mteja wa kila mwisho wa wiki, aliingia na suti yake, akavalishwa kitambaa, na mashine ilipofika katikati ya kichwa, Bibi akamkazia macho akamwita nguruwe. Kwa sauti, na tena. Bwana yule aliinuka akaondoka na nusu kichwa. Hakurudi hata kuja kumalizia.

Tangu siku hiyo Bibi yuko chumba cha nyuma na redio. Si kwamba Kinyozi alikuwa mtu mbaya. Alimlisha, alimgeuza kitandani, dawa hazikukosekana hata siku moja. Ila waliokuja kumwona aliwaambia amelala. Wakija tena, bado amelala. Mwisho wakaacha kuja, kwa sababu mtu anayelala kiasi hicho hahitaji wageni.

Alichokuwa anakitaka Bibi kilikuwa kidogo: kukaa mahali watu wanapopita. Basi.

Jioni hiyo Mama Mahema, akiandaa chakula, alimwambia mumewe, "Kesho watajaa watu hapo ubavuni. Mama anataka kutoka."

"Amekuambia?"

"Ameniambia."

"Kwa neno gani?"

"Kwa neno alilo nalo."

"Hapana."

"Ni kusikiliza hadithi tu, baba. Nitamweka nyuma kabisa."

"Atamtukana mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi anatukanwa na wangapi kwa siku? Akiongezeka mmoja atapungukiwa nini?"

Kinyozi alisukuma sahani. "Kwako ni mchezo. Mimi nina kiti kimoja cha kunyolea. Kikikaa kitupu, ndani humu hakuna anayekula, pamoja na yeye. Nimesema hapana."

Chumba cha nyuma redio ilisoma taarifa ya habari. Bibi alikuwa anatazama dari.

*

Hema lilikuwa halijakazwa kamba ya mwisho wakati mtaa ulipomaliza kuzika.

"Nilijua," alisema jirani wa ng'ambo ya barabara. "Dirisha halifunguliwi, redio haizimwi. Nikajua mle ndani kuna jambo."

"Lakini Kinyozi hajatangaza."

"Atatangaza nini na hema limeshatangaza? Uchungu humfunga mtu mdomo."

Habari zilifika kwa Mama Mkaa akiwa anapima debe. Mama Mkaa ni shoga wa Bibi tangu wote wawili wakiwa na meno yote. Alikuwa ameshakwenda na uji, akaambiwa amelala; akaenda na machungwa, akaambiwa amelala; mara ya mwisho alikwenda mikono mitupu ili asionekane anahonga, akaambiwa hivyohivyo. Aliliacha debe palepale, mteja wake akabaki ameshika mfuko wazi. "Sasa amelala kweli," akasema, na machozi yakamtoka na vumbi la mkaa usoni, yakachora njia mbili.

Wakaanza kuja. Walipita kwanza kibandani kumshika Kinyozi mkono.

"Pole sana, ndugu yetu."

Kinyozi alidhani wanampa pole kwa vipaza sauti vilivyokuwa vikijaribiwa pale ubavuni tangu asubuhi, moja mbili, moja mbili. "Tumezoea," akawajibu, na kuendelea kufuta kioo.

Wakasonga mbele wakitazamana. "Eti wamezoea. Moyo wa jiwe huo."

"Mwache. Kila mtu na anavyoupokea."

Chini ya hema Mratibu hakuyaamini macho yake. Viti vilijaa. Wa nyuma wakasimama. Walikuwa na nguo za heshima, walinong'ona, walizima simu bila kuombwa. Maktaba kuu hata waandishi wenyewe hawakuzima simu. Wafadhili walipofika, bwana mmoja na bibi mmoja waliovaa kofia za jua, Mratibu aliwaonyesha kundi lile kwa mkono.

"Hii ndiyo jamii," akasema.

Kilichoudhi ni redio tu. Mratibu alimwomba Mama Mahema kwa upole kama angeweza kuizima, kwani mwandishi mkubwa alikuwa karibu kuanza na alihitaji utulivu. Mama Mahema aliingia ndani, akabonyeza kitufe, akamwambia mama mkwe, "Sikiliza, mama, kuna hadithi." Bibi alimtazama akasema "fisi" kwa ulaini, neno ambalo kwa namna hiyo lilikuwa ni asante.

Mwandishi Mkubwa alisoma. Kilikuwa kisa cha mtu anayejitafuta katika mji wa ugenini, na anajitafuta kurasa nyingi bila kujiona. Hakuna aliyekohoa. Wazee waliinamisha vichwa. Mama Mkaa, mstari wa mbele, alilia waziwazi, na mwandishi alipomwona akapunguza mwendo, akasoma sura ambayo hakuwa amepanga kuisoma. Maisha yake yote ya uandishi hakuwahi kumliza mtu.

Kule nyuma waliulizana kwa chini. "Huyu anayesema ni nani?"

"Atakuwa yule mwanawe wa nje."

"Mbona hamtaji mama yake?"

"Anazunguka. Wasomi ndivyo walivyo."

Mama Mahema alikuwa amesimama nyuma anahesabu viti kwa macho, maana siku za watu wengi viti huota miguu, ndipo mwanamke mmoja alipomsogelea na kumtia bahasha kiganjani. "Shika, mwenzangu. Si kitu. Itasaidia saidia kwenye mazishi."

"Mazishi ya nani?"

Mwanamke yule alimwangalia kwa huruma kuu na kumkumbatia. Hapo ndipo akili ilipomrudi Mama Mahema. Aliinua macho akaliona hema lake, na nyuso zilizokunjwa, na Mama Mkaa na njia mbili usoni. Akaenda mbio mpaka kwa Mratibu, akamvuta pembeni.

"Hawa watu wamekuja msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wa mama mkwe wangu."

"Jamani, pole sana, mama. Amefariki lini?"

"Hajafariki. Yumo ndani."

Mratibu aliwatazama wafadhili, waliokuwa wanatikisa vichwa kwa kuguswa. Akamtazama mpiga picha, aliyekuwa amepiga goti mbele ya machozi ya Mama Mkaa.

"Mama," akanong'ona, "nakuomba. Tusiseme kwanza. Wamalize picha."

"Nimuue mama mkwe mpaka picha ziishe?"

"Kidogo tu. Kuna kipindi kimoja kimebaki, cha maoni ya jamii. Watu wawili watatu waseme neno, tufunge. Halafu utamfufua."

Na kabla Mama Mahema hajapata jibu la kumstahili mtu kama huyo, kipaza sauti kilikuwa kimeshashikwa na Mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti hajawahi kuona kipaza sauti akakiacha. Alisafisha koo, akawashukuru wageni kutoka mbali kwa kuwa nasi katika kipindi hiki kigumu. Wafadhili wakaandika: kipindi kigumu.

"Ndugu zangu, mama yetu aliyetutoka alikuwa mtu wa watu. Mpole. Mnyenyekevu. Kinywa chake kilijaa asali." Hema zima lilikohoa kidogo. "Hakuwahi kugombana na mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa kama mwanawe. Nilipohamisha meza yake pale sokoni, kwa maendeleo ya wote, alinibariki."

Ukweli ni kwamba Bibi alimmwagia maji ya kufulia, na wengi wa waliokaa pale walikuwepo.

"Nilimtembelea katika ugonjwa wake," Mwenyekiti akaendelea, sauti imenoga, "kila juma bila kukosa, nikamshika mkono—"

"Mbwa."

Neno lilitoka ukutani. Mwenyekiti alikitazama kipaza sauti, akakigonga kwa kidole, akaanza upya.

"Nikamshika mkono, akaniambia, mwanangu—"

"Mbwa. Nguruwe. Nguruwe mkubwa wewe."

Sauti hiyo hakuna asiyeijua. Watu wazima, wenye wajukuu, waliinuka na viti vimewang'ang'ania nyuma. Meza ya vitabu ilipinduka. Mzee mmoja aliyeingia kwa mkongojo alitoka bila mkongojo. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kufika barabarani, kipaza sauti bado kiko mkononi, tukawa tunamsikia anavyohema mpaka waya ulipokatika. Wafadhili walibaki wamekaa, wakapiga makofi.

Mama Mkaa hakukimbia. Alisimama, akajifunga nguo kiunoni, akalifuata dirisha.

"Nani mbwa?" akaliuliza. "Mshenzi wewe. Nimekulilia tangu asubuhi, macho yameniuma."

"Nyani."

"Nyani mwenyewe. Fungua nikuone."

Kisha, kwa sauti iliyoshuka, "Nyani."

Mama Mkaa alinyoosha mkono kusukuma, na ndipo akaliona komeo. Lilikuwa upande wa nje. Lilikuwa limetiwa kipande cha waya na kusokotwa kwa koleo ili lisifunguke kwa bahati mbaya. Waliokimbia walikuwa wameanza kurudi kwa kunyata, wamejaa nyuma yake, na wote wakaliona. Halafu wakageuka kumtazama Kinyozi, aliyekuwa amefika mbio na mashine ya kunyolea mkononi.

Mama Mkaa alihangaika na ule waya mpaka kucha ikavunjika. Kinyozi akasogea kusaidia, akasukumwa kwa kiwiko. Mbao zilipofunguka, Bibi alikuwa amejiinua kwa mkono mmoja kwenye ukingo wa kitanda, jasho linamtoka, na mwanga ulimfanya afinye macho.

"Nilimletea uji," Mama Mkaa akamwambia Kinyozi bila kumwangalia. "Ukaniambia amelala."

"Mama, nilikuwa namsitiri. Hajui anachosema. Sikutaka mumcheke."

"Tungemcheka, naye angetutukana. Ndivyo tulivyoishi miaka yote. Wewe ulidhani tulikuwa tunamfuata kwa ajili ya mitumba?"

Kinyozi alitazama chini. Alikuwa na nywele za mteja kwenye aproni, na hakujua mikono aiweke wapi. Aibu aliyoikimbia kwa kumficha mama yake ilikuwa imemkuta yeye peke yake, mbele ya mtaa mzima na wageni wenye kofia.

Alikwenda ndani. Yeye na mkewe wakamtoa Bibi juu ya kiti cha plastiki, mmoja huku, mmoja huku, wakamweka katikati ya hema.

*

Kilichofuata ndicho kilichoandikwa kwenye ripoti ya tamasha kwa jina la fasihi simulizi shirikishi, na mimi sina ugomvi na jina.

Bibi aliwatazama mmoja mmoja. Alipofika kwa jirani wa ng'ambo alisema "fisi". Jirani akacheka mpaka akashika mbavu, kwa sababu ni kweli hakuna jikoni asikopita. Mwanamke wa bahasha akasogea. "Na mimi, Bibi?" Akapewa lake. Mwingine akaja. Kufumba na kufumbua ikawa foleni, watu wanasukumana kwenda kutukanwa, aliyetukanwa anarudi kwa wenzake kutangaza alichopata, na anayepewa jepesi analalamika ameonewa. Kwenye meza ya kusainiwa vitabu alikaa Mwandishi Mkubwa na kalamu yake, peke yake.

Mwisho naye akainuka akaja kwenye foleni. Si kila msomi angefanya hivyo, tumpe haki yake. Akainama mbele ya Bibi. Bibi akamtazama kwa muda mrefu.

"Mavi," akasema.

Mwandishi alimgeukia Mama Mahema. "Ana maana gani?"

"Kwa sauti hiyo? Hadithi ilikuwa nzuri, ila ndefu."

Kinyozi hakupanga foleni. Alisimama nyuma ya kiti cha mama yake mpaka jua lilipopungua, ameshika mgongo wa kiti kana kwamba kitaruka. Wafadhili waliondoka wakiahidi kurudi. Mratibu alimkumbatia Mama Mahema, akalia kidogo, akaomba hema hilohilo kwa mwaka ujao. Watu wakaenda makwao. Mama Mkaa aliondoka wa mwisho, na tusi la mwisho lilikuwa lake.

Mama Mahema alikuwa anapanga viti, kimoja juu ya kingine, mumewe alipomwambia, "Nisaidie tumrudishe ndani."

"Leo ndani, sawa, usiku unaingia. Na kesho?"

Kinyozi alianza kufungua kamba ya hema.

"Nimekuuliza. Kesho atarudi kwenye redio?"

"Leo walicheka kwa sababu walidhani amekufa," Kinyozi akasema. "Mtu aliyefufuka husamehewa. Kesho ataingia mteja asiyemjua Bibi wala hema. Ataitwa nguruwe, ataondoka. Na wa baada yake ataondoka. Hawa waliocheka hapa, umemwona hata mmoja akinyolewa? Wamekenua meno, wakaenda. Anayebaki na kiti kitupu ni mimi."

Aliyoyasema yalikuwa kweli, na mkewe alijua ni kweli. Aliweka kiti alichokuwa nacho juu ya vingine.

"Wewe unaogopa wateja," akasema. "Mimi naogopa siku nitakayozeeka nikiwa mikononi mwako."

Hakusema kwa hasira. Alisema, kisha akaendelea na viti. Bibi alikuwa amekaa kati yao, ametulia, hana hata tusi moja.

*

Asubuhi Mama Mahema alikuta kitanda cha Bibi kitupu, akashtuka, akatoka mbio mpaka mbele. Bibi alikuwa mlangoni pa kibanda, ameoshwa uso, amevalishwa vizuri ila vifungo vimepishana, kazi ya mwanamume. Mumewe alikuwa anafagia na hakuinua kichwa.

Mteja wa kwanza alikuwa mgeni. Mtu mnene, mwenye mkoba wa ngozi na saa ya kumeta, wale ambao wakipenda mkono wako huleta na marafiki zao. Aliuliza kama pana nafasi. Kinyozi akasema ipo, karibu, akakung'uta kitambaa. Mtu yule akainua mguu kuvuka kizingiti.

"Nguruwe," akasema Bibi.

Mguu ulibaki hewani. "Amesemaje huyu?"

Mama Mahema alikuwa ameshafungua mdomo. Alikuwa na tafsiri tatu tayari, zote za heshima. Kinyozi alimtangulia.

"Umesikia vizuri, mzee. Ni mama yangu. Aliumwa, maneno yaliyobaki ni hayo, na hapa ndipo anapokaa. Ukitaka kunyolewa, kaa nikunyoe."

Mtu yule alimtazama Bibi, akamtazama Kinyozi, akatazama kile kiti kimoja. Akarudisha mguu nje. Aliondoka bila kuaga, mkoba unampigapiga pajani, akavuka barabara, akaenda zake kutafuta mahali pengine. Kinyozi alisimama na kitambaa mikononi mpaka mgeni alipopotea kwenye kona.

"Mshenzi," akasema Bibi.

"Mshenzi kweli," akajibu mwanawe. Akakitundika kitambaa, akainama, akakishika kiti cha mama yake kwa mikono miwili, akakivuta mbele kidogo, awaone vizuri wanaokuja.